Nazi Mbili, Samaki Watatu: Barua kwa Mwanangu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Bibi yako anakusalimu, anauliza kama unashiba huko bwenini.

Siku ile stendi uliniambia wenzako wanakucheka kwa kuwa unapenda gemu ya bata badala ya mpira. Ukaniuliza, "Hivi mama, wewe uliipendea nini?" Kondakta akakuita, basi likaondoka na swali lako. Nimekaa nalo wiki nzima, sasa nakujibu.

Hiyo gemu yako ya bata, Kingdom Hearts, ilitoka Japani Machi 2002, ya mashine ya PlayStation 2. Kwetu diski ilifika baadaye, katikati ya rundo la diski za mpira alizonunua mjomba wako kwa banda lake la gemu, pale barazani. Wateja hawakuitaka. Usiku banda likifungwa ndipo nilipokuwa nikiiweka, kamusi ya Kiingereza magotini, maana mle watu wanaongea sana.

Kitu cha kwanza kilichonishika ni kisiwa. Watoto watatu, Sora, Riku na Kairi, wanaishi kisiwani na wanatamani kujua ng'ambo kuna nini, basi wanaunda chelezo cha magogo. Sora anatumwa kutafuta magogo mawili, kitambaa na kamba. Kesho yake anatafuta chakula cha safari: nazi mbili, samaki watatu, uyoga, yai la ndege wa baharini, maji ya kunywa. Mwanangu, nilikuwa naigonga ile minazi kwa upanga wa mbao mpaka nazi zinaanguka, nikajiona niko ufukweni kwetu, natazama kisiwa cha Toten na kuota safari. Baadaye nilijua kuwa kwa Kijapani Sora ni anga, Riku ni nchi kavu, na ndani ya jina la Kairi mna bahari. Safari yenyewe haikufika. Giza linakimeza kisiwa, watatu wale wanatawanyika, na Sora anabaki na silaha yenye umbo la ufunguo.

Hapo ndipo bata anapoingia. Gemu hii waliitengeneza kampuni ya gemu ya Square ya Japani pamoja na Disney ya Marekani, wenye katuni, na aliyeiongoza ni Tetsuya Nomura, mchoraji wa wahusika wa Final Fantasy, gemu nyingine za Square, ambaye hakuwahi kuongoza gemu kabla ya hiyo. Kwa hiyo mle Donald, yule bata, na mwenzake Goofy, wote wa katuni za Disney, wanatembea na Sora, na njiani wanakutana na Cloud wa Final Fantasy, mwenye upanga mkubwa na uso wa huzuni. Ni kama harusi, upande wa bwana na upande wa bibi, watu ambao hawajawahi kuonana wanapakuliwa sinia moja. Hakuna anayemcheka mwenzake. Hasira za bata ni hasira za kweli, huzuni ya Cloud ni huzuni ya kweli. Hilo ndilo nililolipendea zaidi.

Na mapigano yake yana utamu. Final Fantasy za wakati ule zilikuwa za kupeana zamu, wewe upige kisha adui apige. Hapa hakuna zamu. Unakimbia, unaruka, unakwepa, na papo hapo unachagua uchawi kwenye orodha iliyo pembeni ya kioo. Kamera yake ilinisumbua, hasa kwenye vyumba vyembamba. Hadithi za gemu zilizofuata nazo zimejisokota mno kwangu. Ile ya kwanza ndiyo yangu.

Kuna sehemu sijawahi kuipita nikiwa mkavu. Riku anamnyang'anya Sora ule ufunguo. Donald na Goofy wameagizwa na mfalme wao wamfuate mwenye ufunguo, basi wanamwacha Sora na upanga wa mbao wa kitoto. Anaendelea mbele hivyo hivyo. Wakikutana tena, Riku anarusha pigo la kummaliza, na Goofy anajitupa katikati na ngao yake. Bado ni mtiifu kwa mfalme, lakini rafiki yake hamtoi. Donald anamfuata, na ufunguo unarudi kwa Sora.

Mara ya kwanza nilipofika hapo umeme ulikatika kabla sijahifadhi. Kazi ya usiku mzima ikapotea. Nililia gizani, mjomba wako akaja na kandili, akakaa nami mpaka adhana ya alfajiri. Umeme uliporudi aliniwashia mwenyewe, na siku ile alichelewa kufungua banda.

Gemu inapoanza unaulizwa uchague upanga, ngao au fimbo, kisha kimoja ukiache. Wewe ulichagua ngao bila kuuliza mtu, ukaacha upanga. Nilikuwa nyuma yako napepeta mchele, nikaacha kupepeta.

Memori kadi yako nimeifunga kwenye kipande cha kanga, iko kabatini kwangu. Ulikomea Agrabah, mji wa Aladdin mle ndani ya gemu. Sijaigusa.

Mama yako