MALALAMIKO: HARUFU YA TOPE LA MAJITAKA, NA HAYO MARASHI MNAYOPULIZA

Kwa Meneja wa kituo cha kusafisha majitaka,

Salamu ndugu meneja. Naandika tena kwa niaba yangu na majirani wa huku nyuma ya ukuta wenu, maana barua ya kwanza mliijibu kwa mistari miwili kwamba harufu ni kawaida ya shughuli za kituo na hatua zimechukuliwa, alafu hatua yenyewe tukaiona, vile vimashine vya kupuliza marashi ya ndimu juu ya uzio. Jamani! Sasa tunasikia ndimu na kinyesi kwa pamoja, ni sawasawa na kufukiza udi kwenye banda la kuku ambalo halijazolewa.

Tuelewane kwanza, hatusemi kituo kiondoke. Vyoo vyetu wenyewe vikijaa gari la kunyonya linakuja kumwaga hapohapo kwenu, tunajua majitaka lazima yaende mahali. Na mabwawa wala hayatusumbui kivile. Shida ni tope, lile mnaloliacha chini ya tanki linakaa weee mpaka linavunda ndio mnalitoa na kulimwaga kwenye vitanda vya kukaushia, tena mnalimwaga jioni.

Hiyo jioni ndio kesi yenyewe. Mpangaji anakuja kuangalia chumba saa nne asubuhi, jua kali, upepo upo, hasikii kitu, analipa kodi ya miezi sita anahamia, ikifika saa moja usiku upepo umelala anaanza kuuliza nani kajisaidia dirishani. Mama wa vitumbua pale kona kahamisha jiko lake, wateja wa jioni walikuwa wananunua huku wameziba pua, wengine wanapita tu. Watoto wanalala madirisha yamefungwa na joto hili la huku Pwani mnalijua.

Mimi sio injinia ila mdogo wangu kasoma Chuo cha Maji pale Ubungo, na alinielezea vizuri tu. Tope likikaa bila hewa kuna bakteria wanaigeuza salfeti iliyomo inakuwa gesi ya haidrojeni salfaidi, hiyo ya mayai viza, na ni nzito kuliko hewa kwahiyo usiku kukitulia inatambaa chinichini mpaka vyumbani kwetu. Pua ya mtu inaisikia hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 7 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa nusu saa ili watu wasikereke, sasa nyie hapo uzioni mmewahi kupima? Karatasi ya vipimo iko wapi? Na hawa vijana wenu wanaoshuka kwenye tanki mikono mitupu wanatuambia wamezoea, yaani hapo ndio naogopa kabisa, maana hiyo gesi ikikaribia sehemu 100 katika milioni pua inakufa ganzi, mtu anadhani imeisha kumbe ipo palepale.

Kwahiyo marashi hapana. Ondoeni tope mapema kabla halijavunda, na mlimwage asubuhi ili jua na upepo vifanye kazi, hii haihitaji hata shilingi ni kubadilisha ratiba tu. Chokaa ipo, mkiichanganya na tope mpaka pH, kile kipimo cha asidi na alkali, ifike 12 bakteria wanasimama, ila mjue amonia itapanda na itauma macho kwahiyo isimwagwe kwa kukisia kama mnapaka ukuta. Tanki la tope lifunikwe, hewa ya ndani ivutwe kwa feni ipitishwe kwenye kitanda cha vipande vya mbao na mboji vilivyoloana, bakteria wa humo ndio wanaila hiyo gesi. Teknolojia ya zamani hiyo na mbao zipo tele, muhimu kitanda kisikauke na umeme ukikatika jenereta iwashwe, sio mtuambie ni TANESCO.

Na hii sio hisani tunayoomba, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 4 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Hata Uingereza, watu wanaokaa jirani na kituo cha Mogden kule London walipeleka kampuni mahakamani kwa sababu ya harufu na mbu, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ikasema baadhi ya harufu ile ilitokana na uzembe na waliostahili walipwe. Sisi hatujafika huko, mawakili tunawajua bei zao.

Tunachotaka ni jibu la maandishi ndani ya siku 14 lenye ratiba mpya ya kumwaga tope, tarehe ya kufunika tanki, vipimo vya gesi vibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila wiki, na namba ya simu ambayo mtu anapokea hata saa tatu usiku maana ile mliyoandika getini inaita tu. Kimya kikiendelea, nakala ya barua hii inaenda NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, pamoja na picha na saa za kila jioni mliyomwaga, tumeshaanza kuandika kwenye daftari.

Ni mimi mkazi wa nyuma ya ukuta, kwa niaba ya majirani (majina na sahihi zimeambatanishwa).