Somo yangu, injini tumeishusha

Kwako Somo yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tanga, wewe na wa nyumbani wote. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kushika, lakini bado haijatuzuia kufanya kazi na mlango wa gereji ukiwa wazi. Uliniuliza kwenye simu gari la baba mkwe limefikia wapi, nami nikakujibu kwa haraka kwamba tumeshusha injini, basi. Hilo si jibu la kumpa mtu aliyenifundisha kushika spana. Leo nimekaa mezani nikueleze inavyostahili.

Gari lenyewe ni Porsche 911 SC la 1981. Injini ni ya lita 3, silinda 6 zilizolala, tatu kushoto na tatu kulia, na imekaa nyuma kabisa, nyuma hata ya ekseli. Haina rejeta wala tone la maji. Inapozwa na feni kubwa iliyo juu yake, na kwa oili, ndiyo maana inakunywa kama lita 13. Oili hiyo haikai chini ya injini kama tulivyozoea, ina tangi lake pembeni, upande wa kulia, nyuma ya tairi. Nyumbani kwetu si mbali na Zuffenhausen, mtaa wa Stuttgart, Ujerumani, magari haya yanakotengenezwa, na baba mkwe amekaa na hili zaidi ya miaka thelathini. Sasa ana miaka sabini na minane na mikono inamtetemeka, lakini kichwa chake kinaijua kila nati.

Shida ilikuwa oili. Kila tulipoliegesha liliacha dimbwi. Kibaya zaidi, matone yalikuwa yanadondokea kwenye ekzosi, na katika gari hili joto la kupasha ndani huchukuliwa hapohapo kwenye ekzosi. Ukiwasha hita, moshi wa oili iliyoungua unakuja usoni. Mama mkwe akaacha kupanda. Kuacha kwake kupanda ndiko kulikomuuma mzee kuliko oili yenyewe, maana gari hilo ndilo walilokuwa wakitembelea wawili.

Unakumbuka kule gerejini Ngamiani, hapo Tanga, tulikuwa tunasema "kushusha injini" hata kama injini yenyewe inapanda? Mnyororo juu ya tawi la mwembe, wewe unavuta, mimi naiongoza kwa mikono injini ya Peugeot 504 isigonge rejeta. Huku neno limekutana na maana yake. Injini ya 911 inashuka kweli. Inatokea chini pamoja na gia boksi yake, halafu gari ndilo linalobaki juu.

Wanaolipenda gari hili hujivunia kwamba injini imeshikwa na bolti nne tu, na ni kweli: mbili nyuma kwenye injini, mbili mbele kwenye gia boksi. Lakini kuzifikia hizo nne kulitumaliza siku mbili. Kwanza betri, ambayo iko mbele chini ya boneti, kule ambako gari hili huweka mizigo. Kisha oili, na nati zake za kumwagia ni mbili, moja kwenye tangi na moja chini ya injini. Ilitoka kama lita kumi, nyingine hubaki kwenye mabomba na kwenye kipoza oili cha mbele. Kisha petroli. Mfumo wa kuingiza petroli kwenye injini ni K-Jetronic wa Bosch, na una kijitungi kinachotunza presha muda mrefu baada ya kuzima gari. Nilizungushia nati ya bomba la petroli tambara, nikailegeza kidogo sana, nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Mlango wazi, hita ya gereji imezimwa, mtungi wa kuzimia moto uko miguuni. Hapo sikubali mzaha na mtu yeyote.

Chini ya gari kuna shafti mbili za kwenda kwenye magurudumu, kila moja ina bolti sita kwenye gia boksi. Vichwa vyake vina tundu la pembe sita, na tundu hilo limejaa grisi na vumbi la miaka. Nilichukua bisibisi nyembamba nikachokoa kila tundu mpaka chuma kikang'aa ndani, ndipo nikaingiza ufunguo na kuugonga kidogo ukae mpaka chini. Ukiingiza juu ya uchafu, ufunguo unashika ncha tu, tundu linavimba, na umejipatia kazi ya siku nzima kwa bolti moja. Kiungo cha fimbo ya gia hukifikii kwa chini. Unainua zulia kati ya viti vya nyuma, unafungua kifuniko kidogo, nacho kipo hapo.

Kila bolti niliyoitoa niliichomeka kwenye kipande cha boksi nilichokichora umbo la kitu chenyewe, kila bolti mahali pake, vilevile ulivyonifundisha. Baba mkwe alikuwa na vifuko vyake vya plastiki, ameviandika namba kwa mwandiko mzuri. Siku ya pili asubuhi nilikuta amevikunja na kuviweka kando, anachora kwenye boksi.

Gari tulilinyanyua sana nyuma, juu ya stendi nne, kiasi cha injini na feni yake kupita chini ya bampa. Injini na gia boksi ni zaidi ya kilo 200. Tuliziweka kwenye meza ya jeki ile ya kunyanyulia pikipiki, na mbao mbili chini, tukatafuta mahali zinapokaa sawa. Kisha bolti nne zikatoka. Nikashusha vidole vinne, nikasimama, nikazunguka na tochi. Hiyo kanuni yako ya vidole vinne, Somo, imeokoa gari la mtu. Waya mnene wa athi, ule wa kusuka unaotoka kwenye gia boksi kwenda kwenye bodi, ulikuwa bado umefungwa na umeshaanza kukaza. Nilikuwa nimeweka alama kwenye orodha kwamba nimeufungua. Ningeshusha kwa mkupuo mmoja, ungeng'oa mahali ulipokazwa au ungeipindua injini kwenye meza.

Ilipotua sakafuni mzee aliweka kiti pembeni akaitazama kwa muda mrefu. Akanisimulia Safari Rally ya 1978, Porsche walipopeleka 911 SC mbili Kenya, Vic Preston Jr akamaliza wa pili na Björn Waldegård wa nne. Nikamuuliza nani alishika ya kwanza, ingawa nilijua. Peugeot 504, akasema, Jean-Pierre Nicolas. Nilimwambia kwamba Tanga kuna mzee mmoja, Mungu amrehemu, aliyetulea gerejini kwake na hakuambilika kitu kuhusu 504. Akacheka, akasema wangeelewana.

Sasa nikueleze tulichokikuta. Tulipotenganisha gia boksi, sahani ya klachi ilikuwa ya aina ile yenye mpira katikati, waliyoiweka kwenye SC ipunguze makelele ya gia. Mpira ule huzeeka na kumeguka, na wetu ulishaanza kutoa vipande. Mpya tuliyoweka ina springi. Sili ya nyuma ya krankshafti, shafti kuu ya injini, tukabadilisha wakati huohuo, maana kuiacha hapo wakati flaiwili iko mezani ni dhambi. Juu ya injini, chini ya feni, kuna sehemu tatu zinazokaribiana: swichi ya presha ya oili, thamostati ya oili na gasketi ya kipumulio. Zote tatu huvuja, na injini ikiwa ndani ya gari mkono haufiki vizuri. Nikabadilisha sili zote tatu. Mabomba manne ya kurudisha oili yakapata oringi mpya.

Kama ingeishia hapo, gari lingekuwa limesharudi barabarani. Nilipofungua kava la valvu la chini upande wa kushoto, kitu kikaviringika ndani yake. Nati ya hedi, ule mfuniko wa silinda, na ndani yake kipande cha stadi, bolti isiyo na kichwa, kimekatika kama chaki.

Hedi za injini hii zimeshikwa na stadi 24, nne kila silinda. Kwenye SC, kumi na mbili za juu ni chuma cha kawaida, na kumi na mbili za chini, upande wa ekzosi, ni za aloi inaitwa Dilavar. Waliichagua kwa nia njema: inatanuka kwa joto karibu sawa na silinda za alumini, kwa hiyo mkazo haubadiliki sana injini inapochemka. Lakini zile za chini ndizo zinazopata maji na chumvi ya barabarani. Kutu inatoboa kishimo kidogo sana, ufa unaanzia hapo, na siku moja inakatika, wakati mwingine gari likiwa limeegeshwa tu.

Kabla ya kushusha tulikuwa tumepima uvujaji wa silinda kwa hewa, zote sita zikawa nzuri. Kwa hiyo fundi mmoja wa huku aliniambia nibadilishe iliyokatika peke yake, nifunge. Nilikataa. Stadi kumi na moja zilizobaki ni za aloi hiyohiyo, zimekula chumvi hiyohiyo miaka hiyohiyo. Nimfungie mzee injini nikijua hilo, halafu akwame nayo njiani na mkewe? Upande mwingine, sikutaka kupasua injini yote kwa sababu ya hamu tu. Krankshafti na beringi zake hazikuwa na dalili yoyote mbaya, presha ya oili ilikuwa safi. Tukakubaliana: kumi na mbili za chini zote zibadilishwe ziwe za chuma, za juu zikaguliwe, ndani kabisa kusiguswe. Najua wewe ungebadilisha zote 24. Niandikie kama bado unaona hivyo, nataka sababu zako.

Kuzitoa ndiko kulikonifunza. Zimegandishwa na gundi kwenye nyuzi, na kasha la injini ni alumini, ukitumia nguvu unatoka na nyuzi zote. Baba mkwe alishika kichomeo, akapasha kasha kuzunguka shina la stadi, si stadi yenyewe, akipitisha moto taratibu bila kusimama mahali pamoja. Mkono ule unaotetemeka, Somo, ulipokuwa na moto ulitulia. Tone la maji nililolidondosha hapo likipiga kelele na kuruka, namwambia basi, nashika stadi na kuizungusha polepole kama mtu anayefungua mlango mtoto amelala. Mwanzoni haitaki. Kisha unasikia kitu kinaachia, si kwa ghafla, kama ulimi wa nta. Kumi na moja zilitoka hivyo. Ile iliyokatika ilibakiza kipande cha urefu wa vidole viwili, nikachomelea nati juu yake na joto la kuchomelea likamaliza kazi.

Hedi, silinda na pistoni zimerudi kila kimoja mahali pake kwa namba, gasketi mpya chini ya kila silinda. Wakati cheni za taiming ziko wazi, tumeweka vikaza cheni vinavyosukumwa na oili ya injini, kama walivyoweka wenyewe kiwandani kuanzia 911 Carrera ya 1984, kwa sababu vile vya zamani vinapolegea cheni huruka na valvu zinakutana na pistoni.

Jana usiku nimemaliza valvu. Ni 12, nafasi ya kuacha kati ya valvu na mkono unaoisukuma ni milimita 0.10, injini ikiwa baridi kabisa. Unaanza na silinda ya kwanza, unazungusha krankshafti theluthi moja ya mzunguko, unafuata mpangilio wa kuwaka: 1, 6, 2, 4, 3, 5. Hesabu ni rahisi, kazi iko kwenye vidole. Ule utepe wa fila geji, wa kupimia nafasi, unapaswa kuvutika kwa ukinzani wa karatasi inayotolewa chini ya kitabu, halafu ukikaza nati ya kufungia, skrubu inajizungusha kidogo na nafasi inaondoka. Kila valvu nimepima baada ya kukaza, na nyingi nimezirudia mara tatu. Mzee alipima nyuma yangu. Mbili alinirudishia.

Jumamosi tunaipandisha. Hatutaiwasha moja kwa moja. Nitachomoa moto wa plagi na kukata pampu ya petroli, nizungushe kwa starta mpaka sindano ya presha ya oili inyanyuke, ndipo nirudishe vyote. Nimeweka pia kile kivalvu cha kutolea mlipuko kwenye boksi la hewa, maana la plastiki la gari hili likirudishiwa moto mara moja hupasuka.

Shemeji yako anakuja Tanga mwezi wa kumi na mbili. Nimempa seti mpya ya fila geji kwa ajili yako, toki renchi ndogo, spana ya kupimia mkazo wa bolti, ya kuanzia Nm 5, na ile stadi iliyokatika pamoja na nati yake. Iweke mezani vijana waishike na kuiangalia pale ilipokatikia, kwa kioo cha kukuzia. Kishimo chenyewe kinaonekana.

Wasalimie sana, na mama mpe salamu zangu za peke yake.

Ni mimi,
Somo yako