Wajukuu zangu wa feloshipu, someni kwanza

Bwana Yesu asifiwe wajukuu zangu. Nimesikia mmoja wenu kaacha wazi swali la evolusheni, yaani viumbe kubadilika kidogo kidogo vizazi kwa vizazi, kwenye mtihani wa baiolojia, eti hawezi kumkana Mungu kwa ajili ya maksi, na nyie mkampigia makofi. Mimi sijafurahi na nawaambia wazi kwa sababu nawapenda.

Ile miaka elfu sita ya umri wa dunia mnayoitetea mpaka mishipa ya shingo inawatoka, nionyesheni mstari wake kwenye Mwanzo. Haupo! Hesabu hiyo ilivuma kupitia askofu James Ussher wa Ireland, mwaka 1650, alijumlisha umri wa kina Adamu na wafalme akapata dunia iliumbwa 4004 kabla ya Kristo. Hesabu ya mtu hiyo, tena msomi, lakini mtu. Halafu someni sura ya kwanza na ya pili taratibu. Ya kwanza wanyama wanaumbwa ndipo mtu, ya pili mtu anatangulia, wanyama wanakuja mstari wa 19. Waliotuachia maandiko hawakuwa vipofu, waliziacha zote mbili maana hawakuwa wanaandika noti za baiolojia, walikuwa wanatuambia sisi ni wa nani.

Na sayansi nayo msiisingizie. Haisemi bibi yako alikuwa sokwe wa Gombe, inasema sisi na sokwe tunakutana kwa mababu wa zamani sana, mamilioni ya miaka. Nendeni makumbusho ya Oldupai, kule Ngorongoro, mkaone nakala ya nyayo za kale zilizokutwa Laetoli. Majivu ya volkano yalianguka, mvua ikayalowesha, viumbe wakapita kwa miguu miwili, yakakauka, yakaja mengine yakafunika. Kisigino kimezama vizuri, kidole gumba kimeelekea mbele kama changu nikipita shambani baada ya mvua. Miaka milioni 3.6 hiyo, na umri unapimwa kwenye majivu yenyewe, aina moja ya potasiamu iliyomo inavyogeuka gesi iitwayo agoni kidogo kidogo kwa kasi inayojulikana, sio mtu kakaa akabuni.

Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji alieleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na akabaki padre mpaka anakufa.

Na walimu mnaowacheka hawa watoto darasani kwa imani yao, acheni, mnawafukuza kwenye sayansi nyie wenyewe.

Jumamosi mkimaliza mazoezi ya kwaya njooni kwangu, kila mtu na Biblia yake na kitabu cha baiolojia cha kidato cha nne. Na yule aliyeacha swali aje, simgombezi, ila atalijibu hapo hapo tukiwa naye.