Barua kwa shoga yangu wa Kigoma

Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, joto tu ndilo linatusumbua. Barua yako nimeipata. Unauliza mtoto wa Kigoma ana faida gani kusoma Mkutano wa Vienna wa 1815. Mwalimu mwenzangu, anayo, tena kubwa.

Baada ya Napoleon, mtawala wa Ufaransa, kushindwa, wakubwa wa Ulaya waliokutana Vienna walisema wanarudisha haki: kila kiti cha enzi kwa mwenyewe. Louis XVIII akarudi Ufaransa, Ferdinand VII Hispania. Lakini Venice, iliyokuwa jamhuri kwa karne nyingi, haikurudishiwa chochote. Ikawa ya Austria. Genoa, jamhuri nyingine, akapewa mfalme wa Sardinia. Haki ilirudi pale tu ilipowafaa washindi, na hapo ndipo ningependa wanafunzi wako wasimame kwanza, kabla ya kukariri tarehe.

Kisha watazame Ubelgiji. Wakubwa waliiunganisha na Uholanzi chini ya Mfalme William I, wakitaka ukuta imara wa kuizuia Ufaransa. Watu wake hawakupenda. Mwaka 1830 wakaasi, wakajitenga, na mwaka uliofuata wakamtawaza mfalme wao, Leopold I.

Sasa Wabelgiji hao hao, shoga yangu, ndio walioiteka Kigoma yako na Tabora mwaka 1916. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha wakakaa na Waingereza, Mei 1919, wakagawana koloni la Mjerumani: Tanganyika kwa Mwingereza, Rwanda na Urundi (Burundi ya leo) kwao. Kionga, kusini mwa Ruvuma, ikaenda kwa Wareno. Taifa lililozaliwa kwa kukataa kugawiwa likagawa wengine bila kuwauliza. Jambo hili linaniuma kila ninapolifundisha.

Hata Rwanda yenyewe waliikata. Gisaka, upande wa mashariki, ilitengwa iwe ya Mwingereza, aliyetaka njia ya reli. Mwami Musinga, mfalme wa Rwanda, alilalamika, wamisionari nao wakalalamika, na baada ya miaka michache ikarudishwa. Usidhani basi waliheshimu ufalme wake: mwaka 1931 Wabelgiji wakamwondoa Musinga mwenyewe, wakamweka mwanawe Rudahigwa.

Kwetu Mwingereza alifanya kwa sura nyingine. Gavana Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu mwaka 1926, nyumba ya Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ilirudishiwa uchifu wa Uhehe kupitia mwanawe Sapi. Wahehe walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila Mkwawa alikuwa hapokei amri ya mzungu, na chifu wa Cameron alikusanya kodi ya serikali na angeweza kuondolewa na serikali hiyo hiyo. Ndiyo maana nasema kiti kilichorudishwa na mshindi si kile kilichochukuliwa.

Na bandari yenu usiisahau. Kwa mkataba wa 1921 Wabelgiji walipewa eneo lao hapo Kigoma na jingine hapa Dar, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Urundi ipite. Wanafunzi wako wanapita karibu na mahali hapo.

Mimi nikiwa wewe ningeanzia bandarini, Vienna ije wiki inayofuata. Niandikie wanafunzi wamesema nini, na unisalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Dar