Treni ikisuasua mbali na boksi, kagua waya kabla ya kununua busta

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu wa treni za modeli tunaotumia mfumo wa DCC, yaani ule wa kuongoza treni kwa amri za kidijitali zinazopita kwenye reli, maana kila mtu akilalamika treni yake haisikii amri majibu ni yaleyale, badilisha dekoda (kile kifaa ndani ya treni kinachosoma amri), nunua busta kubwa (kifaa kinachosukuma umeme wenye amri kwenye reli), na mi naona tunamaliziana hela bure na saa nyingine tunaelekezana kwenye hatari kabisa.

Dalili mnazijua. Karibu na boksi la kuongozea treni inaenda fresh, ikifika upande wa mbali inaanza kusuasua, taa zinapepesa, unabonyeza honi inalia imechelewa au hailii kabisa. Sasa jamani, umeme na amri vinapita kwenye reli zilezile mbili, yaani amri ni huohuo umeme unaogeuzwa chanya na hasi haraka haraka, amri zinaandikwa kwa biti, alama za moja na sifuri, nusu ya biti ya moja ni maikrosekunde 58 tu na ya sifuri ni 100 kwenda juu, kwa hiyo waya ukiwa mwembamba au kiungo kimelegea vinaumia vyote viwili na dekoda haina kosa lolote.

Pigeni hesabu kidogo. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 kutoka kwenye boksi hadi mita 8, kwenda na kurudi ni mita 16, hapo ukinzani ni kama omu 0.55, treni zikivuta ampea 3 umeshapoteza zaidi ya volti moja na nusu njiani kabla hata hujagusa viungo vya reli. Waya wa 2.5 umbali huohuo unapoteza kama volti 0.3 tu. Na vile viungo vya bati vya kuunganishia reli vipo kwa ajili ya kuzishika zikae sawa, msivitegemee kupitisha umeme, vinalegea na vinashika uchafu kwa ndani usioonekana. Shusha waya mfupi kutoka kila kipande cha reli, au angalau kila mita moja hadi mbili, uulehemu vizuri kwenye reli halafu uuunge kwenye waya mnene unaopita chini ya meza.

Kinachoniuma zaidi ni hii habari ya busta kubwa. Busta ya ampea 5 ikipata shoti inatakiwa ijikate yenyewe, lakini kama njia ina ukinzani wa omu 3 na zaidi basi kwa volti 14 umeme hautafika hizo ampea 5, busta itaona treni zinafanya kazi tu kama kawaida huku joto la wati 60 hivi, sawa na pasi ya kulehemulia, linaishia kwenye waya mwembamba au kwenye bogi la plastiki, ile fremu inayoshika magurudumu. Hapo vitu vinayeyuka kweli. Kwa hiyo chukua sarafu, laza juu ya reli zote mbili, busta ijikate palepale, sogea mbele rudia, zunguka layout nzima, yaani reli zote mezani, na sehemu ambayo haijikati toa sarafu haraka maana ndo ugonjwa ulipo.

Kwenye kupima pia watu wanajidanganya. Ukiweka mita kwenye reli bila kitu kinachovuta umeme utasoma volti zilezile kila mahali hata waya ukiwa mbovu. Funga balbu ya indiketa ya gari ya volti 12, ile ya wati 21, kule mwisho, inakula karibu ampea 2, ndo upime mwanzo na mwisho ulinganishe. Mita ya kawaida haisomi DCC sawasawa kwa sababu imetengenezwa kwa umeme wa hetsi 50 au 60, ila tofauti kati ya sehemu mbili utaiona tu.

Usafi nao muhimu, magurudumu hasa kuliko reli, spiriti na kitambaa vinatosha, msasa achaneni nao kwa sababu unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu upya. Na kama treni inakwama palepale kwenye swichi ya reli, pale njia inapogawanyika, kila mara, angalia ule ulimi wa reli unaosogea, mara nyingi unapata umeme kwa kugusana tu na reli ya pembeni, tone dogo la gundi ya kushikishia kokoto za kando ya reli likiingia hapo umeme umekatika. Ulehemuni waya wake wenyewe, mjaribu treni tena, ndo muanze kuongelea dekoda.

Msomaji wako, mpenzi wa treni za modeli