Rukia, niulizie fundi wa kuwamba

South B, Nairobi

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Wazima huko? Watoto? Mguu wa Mama Swafiya umepoa? Sisi tuko salama, ila hii baridi ya Julai inatutesa. Jua tunalisikia kwenu tu.

Najua umeninunia. Simu zako sikupokea, ujumbe wako nikaujibu kwa kidole gumba, na Kassim kanifikishia vizuri tu kwamba umesema nimepata nyumba nikapata na kiburi. Kiburi sina, shoga. Nina vumbi. Liko kwenye nywele, liko kwenye chai, liko mpaka ndani ya masanduku niliyoyafunga kwa gundi. Nakuandikia kwa sababu nina shida, na shida yenyewe ni ya kuelezwa kwa urefu. Kwa simu ungenikatiza.

Shida ni kile kitanda cha Bi Tima. Kimefika kwa basi, salama. Mifumbati ya ubavuni imenyooka, matendegu yote manne hayana ufa, mvule ule ule mzito, na zile pete zilizokerezwa mguuni ungedhani zimetoka kwa fundi jana. Kamba ndizo zimekwisha. Ukizigusa zinageuka unga. Nataka kiwambwe upya, kama kilivyokuwa. Basi nimezunguka Ngong Road, pale wanapopanga makochi kando ya barabara, nikashuka mpaka Gikomba, na kila fundi ana dawa moja: "Mama, tupige plaiwudi juu, tuweke sponji, tuvishe velveti." Mmoja alitaka kuyapaka matendegu rangi ya dhahabu. Dhahabu, Rukia! Bi Tima angerudi kutoka alikolala.

Nitarudi kwenye kitanda. Kwanza ujue kinaenda kukaa wapi.

Fleti yenyewe ni ya zamani, madirisha ya vyuma, milango ya mbao nzima, si hii ya sasa ukiibisha kwa ngumi inatoboka. Baba Nasri alikuja na mipango yake kwenye simu: dari ya jipsamu yenye ngazi mbili na taa za buluu zimejificha pembeni, ukuta wa televisheni uliovishwa mistari ya plastiki inayojifanya mbao, na vigae vinavyong'aa sakafu nzima. Simcheki mtu mwenye jipsamu. Ikipigwa vizuri inaficha nyaya na dari mbovu. Lakini dari yetu si mbovu, na iko chini tayari. Ukiishusha tena, tunaishi ndani ya sanduku.

Sakafuni kulikuwa na kapeti ya plastiki, chafu, imenata. Fundi aliyekuja kupima vigae akaibandua kona moja, chini yake vibao vyeusi, vinne vimelala huku, vinne kule, vimekatana kama ukili wa mkeka. Nikamwambia apitishe msasa kidogo. Akapitisha kwa mkono, pale pale kwenye kona, na weusi ukatoka ukaja rangi ya asali, na harufu, Rukia! Chumba kizima kikanukia. Yule fundi mzee akachuchumaa, akachukua lile vumbi kwenye kiganja, akalinusa, akasema, "Hii ni muhuhu."

Muhuhu ule ule wa msitu wa Arabuko-Sokoke, huko kwenu pwani. Na huku ulikuwa ukiota Karura na Ngong, ndiyo maana nyumba za zamani za Nairobi zina sakafu zake. Mti mgumu, mchwa wanaupita. Wachongaji wa Kikamba walichonga nao vinyago mpaka ukawa adimu, ndipo wengi wakageukia mwarobaini. Leo ukiutaka wa sakafu nzima utautoa wapi? Na sisi tulikuwa tunaenda kuufukia kwa saruji!

Tulizozana, usiniulize. Mwisho bei ndiyo iliyomshawishi Baba Nasri kuliko mimi: kupiga msasa na kupaka vanishi isiyong'aa kumetoka rahisi kuliko vigae. Sasa anawaonyesha wageni sakafu kana kwamba alizaliwa juu yake.

Utasema nimeanza uzungu, kupenda nyumba tupu. Wifi yangu amesema hivyo, akaongeza kwamba sebule yangu iko kama ya mtu aliyefiwa. Lakini uzungu gani? Kumbuka Lamu, ile mara tuliyokwenda na Maalim, tukaingia zile nyumba za kale. Vyumba vyembamba na virefu, kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, basi chumba kinakuwa na upana wa mti. Kuta nyeupe za chokaa, hazina kitu. Halafu ukifika ndani kabisa, ukuta mmoja umejaa zidaka, vile vijirafu vilivyochimbwa ukutani, kutoka chini hadi juu, kila kidaka na kivuli chake. Mapambo yote wameyaweka pale, kwingine kote wameacha jicho lipumzike. Sisi siku hizi tunapamba kuta nne na dari juu, kisha tunashangaa kwa nini tukikaa sebuleni tunachoka.

Nilifikiria hilo tena tulipowapeleka watoto Karen, kwenye ile nyumba ya makumbusho. Unaijua, ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark. Ilijengwa 1912 na Msweden, mama huyo akaishi hapo kuanzia 1917 hadi shamba la kahawa lilipofilisika, akaondoka 1931. Samani zake nyingi alizinunua Lady McMillan, mwenye maktaba ile ya mjini, na baadhi zikaja kurudishwa nyumba ilipofanywa makumbusho mwaka 1986. Habari zao za ukoloni unazijua na mimi nazijua, siingii huko. Nasema vitu tu. Kuta za mbao zimeachwa mbao. Mwanga unaingia kutoka barazani umeshapoa. Hakuna kitu kinachokuita ukitazame. Unakaa kidogo, ndipo unaona kitasa, ndipo unaona jinsi mlango ulivyounganishwa. Nasri alitaka kuona simba, akasinzia. Mimi walinitoa kwa kufunga.

Basi nimeamua hivi. Kuta nyeupe, si ile nyeupe ya hospitali, ile iliyochanganywa na tone la kahawia. Ukuta mmoja tu, ule wa ndani, nitautilia rafu ndani ya kina chake, niweke vitabu, birika la marehemu mama, na vile vikombe ulivyonipa. Taa za kusimama, manjano, hakuna ya buluu. Mapazia ya pamba nzito, yafike chini yaguse sakafu. Na chini ya dirisha, mahali pa kochi, kitanda cha Bi Tima, na mkeka juu yake na mito miwili mitatu. Kochi la kona sinunui. Baba Nasri anauliza atalala wapi akitazama mpira. Nimemwambia Bi Tima alilala hapo akazaa watoto saba.

Unaona sasa kwa nini kisiwambwe vibaya? Nimekiweka kiwe kitu pekee cha kutazamwa chumbani. Kikiwa na sponji ni kochi bovu. Kamba zikilegea katikati, kila mgeni atazama kama nahodha na jahazi lake. Nataka zikazwe mpaka ukipiga kwa kidole zilie. Hapa wenye randa na gundi wamejaa tele, ila mwenye kujua aanzie pembe gani na afunge wapi, sijampata.

Sasa niambie. Yule mzee wa Kibokoni, jirani ya kina Swafiya, yuko hai? Bado anawamba, au macho yamekataa? Kama yeye hawezi, hakuna kijana aliyemfundisha? Tutumie kamba ya usumba wa nazi au ya majani ya miyaa, maana huku hewa ni kavu na naogopa miyaa itakatika? Bei gani siku hizi, na usimwambie ni ya mtu wa Nairobi. Atakubali kupanda treni aje, nimlipie nauli na alale kwetu, au nifungue vipande nikirudishe chote Mombasa? Na ile rangi ya kuta za kwenu, ya chumbani kwa mama yako, alichanganya nini?

Na zile picha za mapazia ya dhahabu ulizonitumia zilikuwa mzaha, sivyo? Kama umeshanunua, mwambie Kassim ile ahadi ya kabati langu niliyoidai mwaka jana itimie kwanza, halafu tuzungumze.

Usikawie kujibu. Vanishi ikikauka, wageni watakuja na hakuna pa kuwakalisha.

Shoga yako,
Saumu