Ile Excel "iliyofungwa" haijafungwa kitu

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi kidogo niseme hili la mafaili yenye pasiwedi, maana maofisi yetu huku Pemba naona yanajipa moyo bure. Unakuta listi ya watu kibao, majina, namba za simu, namba za kitambulisho cha Mzanzibari mpaka akaunti za benki, imerushwa kwenye grupu la WhatsApp, ukiuliza unajibiwa "usijali, imetiwa pasiwedi".

Imetiwa wapi? Mara nyingi ni ile ya Excel ya kuzuia shiti isibadilishwe, ambayo kazi yake mtu asije akafuta fomula kwa bahati mbaya, basi, haifichi kitu. Faili la Excel la siku hizi, xlsx, lenyewe ni zip, yaani furushi la vifaili, vijana wa steshenari hapa Chake wanalibadilisha jina mwishoni lisomeke zip, wanalifungua, ndani mna vifaili vya maandishi, wanautafuta ule mstari wa ulinzi wa shiti wanaufuta wanalirudisha kama lilivokuwa, hata chai haijapoa. Pasiwedi hawaijui na wala hawana haja nayo. Zile kolamu zilofichwa ndo usiseme. PDF nayo, ile ya kuzuia kuprinti na kukopi inategemea programu ikubali kutii, na zisotii zimejaa tele.

Pasiwedi ya kufungulia faili ni kitu chengine, hiyo inavuruga maandishi yote kweli yasisomeke bila pasiwedi. Ila ukisevu kwa mtindo wa zamani, doc na xls za Office 97 mpaka 2003, ufunguo wa ndani unaotokana na pasiwedi kwa kawaida ni mfupi, biti 40 tu, kompyuta ya leo inajaribu funguo zote mpaka ipate hata ukiweka pasiwedi ndefu kama khutba ya Idi. Kuanzia Office 2007 wametia AES, mtindo mpya wa kuvuruga maandishi, hiyo ngumu, lakini mtu anaweka 1964 au jina la ofisi na mwaka, na programu za kubahatisha zinaanzia hapo hapo. Halafu pasiwedi yenyewe inaandikwa kwenye grupu lile lile, chini ya faili!

Wakubwa, kama listi ni ya kujua nani kaitwa semina, jina na shehia yatosha, akaunti ya benki inafanya nini mle? Anaehitaji yote atumiwe peke yake, pasiwedi apigiwe simu. Zilokwisha kurushwa hazirudi, zimo kwenye simu za watu, lakini ya malipo ya mwezi huu bado haijatoka.

Msomaji, Chake Chake